Palmer, muuza duka aliyeanzisha biashara ya kualisha migongo

Umekaa kwa kinyozi. Kichwa kimeshanyolewa, spiriti imekuchoma kisogoni, mabega yamekandwa. Halafu jamaa, bila hata kukuuliza, anashika kidevu chako kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, anakizungusha ghafla. Ko! Unainuka ukihisi umetuliwa gunia la viazi. Au pengine wewe hujafanyiwa, umetazama tu zile video za TikTok ambapo mgonjwa amelala kifudifudi na mtu aliyevaa koti jeupe anamkandamiza mgongo kwa viganja viwili, viungo vinalia kama kuni kavu. Moja ikiisha nyingine inaanza, na saa saba usiku bado uko macho.

Mchezo huo una mwenyewe. Watu wamekandana na kuvutana viungo tangu zamani, na huko mashambani bado wapo wazee wanaosifika kwa kurudisha mfupa uliotoka mahali pake. Lakini aliyeugeuza kuwa kazi yenye jina lake, shule, karo na vyeti alikuwa mtu mmoja, Daniel David Palmer. Kazi hiyo inaitwa kairopraktiki. Kabla hujamkabidhi mtu shingo yako tena, ni vyema ujue Palmer aligusa ukweli wapi na alijidanganya wapi, maana vitu hivyo viwili bado vinauzwa pamoja kwa bei moja.

Alizaliwa Machi 7, 1845, katika mkoa wa Ontario, Canada, si mbali na Toronto. Biashara ya baba ilipoyumba, wazazi walihamia Marekani kutafuta riziki, wakamwacha Daniel na mdogo wake Thomas nyuma wakifanya kazi katika kiwanda cha viberiti. Kama ulilelewa na nyanya kwa sababu mama yako alikuwa Saudia akitafuta, hadithi hii unaielewa bila kuelezwa. Mwaka 1865, akiwa na miaka 20, Daniel pamoja na ndugu yake walivuka mpaka, wakaingia Marekani.

Huko alishika kila kazi. Alifundisha katika shule za vijijini. Alifuga nyuki. Karibu na mji wa New Boston, jimbo la Illinois, kando ya mto Mississippi, alilima matunda na kuuza miche yake. Baadaye akafungua duka la vyakula katika mji wa Iowa wenye jina la kuchekesha, What Cheer, na hata samaki wale wadogo wa rangi ya dhahabu aliwauza. Leo tungemwita hasla. Alioa, akafiwa, akaoa tena. Mwanawe wa kiume, Bartlett Joshua, alizaliwa mwaka 1882 na akaja kujulikana kwa herufi mbili tu, B.J. Mama yake B.J. alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Mkumbuke kijana huyu, tutarudi kwake.

Mnamo 1886 hivi, Palmer aliachana na duka akawa mponyaji wa sumaku. Usifikirie sumaku ile iliyo nyuma ya spika. Waponyaji hawa waliamini kuna nguvu inayotiririka mwilini, na kwamba mtu mwenye afya anaweza kuipitisha kwa mikono yake hadi kwa mgonjwa. Wazo hilo lilitoka Ulaya kwa daktari Franz Mesmer wa karne ya 18, na tume ya wasomi iliyoteuliwa na mfalme wa Ufaransa mwaka 1784 ilikuwa imeshalipima na kukuta hakuna kitu. Lakini usimcheke Palmer upesi. Zama zile madaktari wengi wenye vyeti walikuwa bado wanawanywesha wagonjwa dawa zilizotengenezwa kwa zebaki, na kasumba ilitolewa kama maji. Mtu anayekuambia ulale, anakusikiliza, anakushika kwa mikono miwili na hakupi chochote cha kumeza, angalau hatakuua kwa sumu. Wagonjwa walimiminika. Palmer akakodi vyumba katika jengo moja mjini Davenport, Iowa, na kwa miaka tisa akaishi kwa mikono yake.

Kitu kimoja kilimtofautisha na wenzake. Wengine walipitisha mikono mwili mzima wakiomba nguvu ziingie. Palmer alipapasa. Alitaka kujua ni wapi hasa panapouma, na kwa nini pale na si kwingine.

Katika jengo lilelile alifanya kazi mfagiaji mmoja mweusi aliyeitwa Harvey Lillard. Alikuwa na tatizo la masikio kwa miaka 17, hata mlio wa saa hakuweza kuusikia, wala mikokoteni iliyopita barabarani. Palmer alimuuliza ilianzaje. Lillard alieleza kwamba siku moja, akiwa ameinama mahali pembamba, alisikia kitu kimefyatuka mgongoni, na tangu hapo masikio yakaziba. Palmer akampapasa, akakuta uvimbe kwenye uti wa mgongo, katikati ya mabega huko juu. Akamshawishi alale, kisha akasukuma kwa kishindo kimoja mahali pale. Alisema kwamba mara ya kwanza na ya pili pingili ilirudi mahali pake, na Lillard akaanza kusikia. Siku inayotajwa ni Septemba 18, 1895, na ndiyo inayosherehekewa hadi leo kama siku ya kuzaliwa kwa kairopraktiki. Lillard mwenyewe alitoa ushuhuda ambao Palmer aliuchapisha mwaka 1897 katika jarida lake la matangazo.

Sasa ngoja. Binti ya Lillard alisimulia tofauti kabisa. Kwa mujibu wake, baba yake alikuwa akipiga stori na rafiki nje ya chumba cha Palmer. Palmer akaja, akasikia mwisho wa mzaha, akacheka na kumpiga Lillard mgongoni kwa kitabu alichokuwa amekishika. Siku chache baadaye Lillard akasema anaona kama anasikia vizuri zaidi. Hapo ndipo Palmer alipoamua kulifuatilia jambo hilo.

Hadithi ipi ni ya kweli, chagua mwenyewe. Lakini zote mbili zinagonga ukuta mmoja. Neva inayobeba sauti kutoka sikioni hadi kwenye ubongo iko ndani ya fuvu la kichwa. Haishuki shingoni, haifiki mgongoni. Huwezi kuifungua kwa kusukuma pingili ya katikati ya mabega, kama vile huwezi kurekebisha stima ya nyumba yako kwa kukaza mfereji wa jirani. Pengine Lillard alisikia nafuu kwa sababu nyingine, pengine nafuu yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ilivyotangazwa.

Mtu mwingine angeishia hapo. Palmer hakuishia. Alipata mgonjwa wa pili, huyu akisumbuliwa na moyo, akasukuma mgongo wake na mgonjwa akasema anapumua vizuri. Basi akajiuliza: ikiwa uziwi na ugonjwa wa moyo, magonjwa yasiyofanana hata kidogo, yote yanatoka kwa pingili iliyosogea na kubana neva, kwa nini magonjwa mengine yasiwe hivyo pia? Swali si baya. Ubaya ni kwamba hakulijaribu, alilijibu tu. Kufikia mwaka 1910, katika kitabu chake kikubwa, alikuwa anadai kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote yanatokana na pingili za uti wa mgongo zilizosogea, na asilimia tano iliyobaki inatokana na viungo vingine kusogea. Hesabu ile haikutoka kwa utafiti wowote. Alikataa kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta maradhi, akapinga chanjo pia, wakati ambapo Robert Koch alikuwa ameshaonyesha tangu 1882 kijidudu kinachosababisha kifua kikuu. Umewahi kuona yale mabango kwenye nguzo za stima yanayoahidi kutibu kisukari, kesi kortini na mpenzi aliyetoroka, vyote kwa simu moja? Palmer hakuwa mbali na hapo, ila yeye aliamini alichosema, na hilo linamfanya awe mtu wa kuvutia zaidi kuliko tapeli.

Jina la kazi yake alilipata kwa mchungaji mmoja, Samuel Weed, aliyekuwa mgonjwa wake na aliyejua Kigiriki. Mchungaji aliunganisha neno la mkono na neno la kutenda. Mwaka 1897 Palmer akafungua shule Davenport. Madarasa ya mwanzo yalikuwa na wanafunzi wachache sana, na wanawake walikuwemo, jambo ambalo shule nyingi za udaktari za wakati huo zilikuwa zinalikwepa. Ila lipo la aibu. Hadithi yote ya shule hiyo ilianzia kwenye mgongo wa mtu mweusi, lakini ilipokua ikiwa mikononi mwa mwanawe, kwa miongo kadhaa iliwafungia mlango wanafunzi weusi.

Pia kulikuwa na mtu mwingine aliyedai kazi hii ni yake. Andrew Taylor Still, daktari wa jimbo jirani la Missouri, alikuwa ametangaza tiba yake ya kusukuma na kunyoosha viungo, osteopathia, tangu 1874, na kufungua shule mwaka 1892. Wafuasi wake walisema Palmer aliiba. Palmer alikana hadi kufa.

Sasa tuje kwako na kiuno chako, maana najua ndicho kilichokufanya usome mpaka hapa. Umeketi kwa laptopu siku nzima, au umebebwa na boda boda kwenye barabara ya mashimo, au uko kwa mjengo ukibeba simiti, na mgongo wa chini unakuuma. Je, mikono inasaidia? Ndiyo, kiasi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, na miongoni mwa mambo yanayoweza kutumika ni mazoezi, kukandwa, na kusukumwa uti wa mgongo na mtu aliyesomea. Nafuu inayopatikana kwa kawaida ni ya wastani, takriban sawa na ile ya mazoezi, na mazoezi ni bure. Hapo Palmer aligusa ukweli, ingawa si kwa sababu aliyoitoa. Pingili zako hazijatoka mahali pake kama tofali la ukuta uliojengwa vibaya. Misuli imekaza, kiungo kimekakamaa, neva zimekuwa na hasira, na mguso pamoja na mwendo huvituliza kwa muda.

Na ule mlio? Ukialisha vidole husikii mfupa unaorudi nyumbani. Ndani ya kiungo kuna ute, na ute una gesi iliyoyeyuka humo. Ukivuta kiungo ghafla, pengo linafunguka ndani ya ute na mlio unatoka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walivuta vidole vya mtu ndani ya mashine ya kupiga picha za mwili na kuona pengo hilo likifunguka. Kwa hivyo mtu anayekupima ufundi wake kwa ukubwa wa mlio anakuuzia sauti.

Shingo ni jambo jingine. Kuna mishipa ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo kupitia kwenye pingili za shingo, na kuizungusha shingo kwa nguvu kunaweza, mara chache sana, kuichana ukuta. Damu ikiganda hapo, kiharusi kinaweza kufuata, hata kwa kijana. Mara chache sana, nimesema, lakini kinyozi hajui shingo yako ikoje, na wewe hujui yeye alijifunza wapi. Mwambie akande mabega aachie hapo. Na ikiwa maumivu ya mgongo yanakuja na miguu kulegea, ganzi kati ya mapaja, au mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe, usiende kukandwa na mtu yeyote. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Humu nchini sheria ya 2014 iliunda Baraza la Fiziotherapia, na mtaalamu wa kweli hatakasirika ukimuuliza leseni yake iko wapi.

Swali hilohilo la leseni ndilo lililompeleka Palmer jela. Mwaka 1906 mahakama ya Davenport ilimpata na hatia ya kutibu watu bila kibali cha udaktari. Adhabu ilikuwa faini ya dola 350 au kifungo cha siku 105. Palmer, mzee wa miaka 61, alikataa kulipa. Alitaka kuwa shahidi wa imani yake. Akaingia selo, akakaa siku 23, kisha akachoka, akalipa na kutoka.

Alipotoka nje alikuta mambo yamebadilika. B.J. ndiye aliyekuwa akiendesha shule. Baba na mwana hawakuwa wamewahi kupendana sana, B.J. aliandika baadaye kwamba yeye na dada zake walichapwa mikanda na baba yao hadi kuachwa na alama. Sasa waligombania mali. Watu wa kati wakaitwa kuamua, na mwishowe Palmer aliuza sehemu yake kwa mwanawe kwa takriban dola 2,200 pamoja na baadhi ya vitabu na mifupa aliyokuwa akifundishia. Shule aliyoibuni mwenyewe, akaondoka nayo ikiwa hela kidogo na sanduku la mifupa. Hasla alirudi mtaani. Kwa muda aliuza duka huko Oklahoma na ndugu yake, halafu akajaribu kufungua shule nyingine Oklahoma City, halafu nyingine Portland, Oregon. Hazikudumu mikononi mwake. Alikuwa mtu mgumu, mwenye maneno makali kwa kila aliyekuwa mwanafunzi wake na sasa anafundisha kivyake, na kitabu chake cha 1910 kina kurasa nyingi za kuwasahihisha watu kwa hasira.

B.J. naye alikuwa na kitu ambacho baba hakuwa nacho, yaani kipaji cha kuuza. Alijaza shule wanafunzi kwa mamia, kisha kwa maelfu. Mwaka 1922 akanunua kituo cha redio, WOC, mojawapo ya vituo vya mapema nchini Marekani, akakitumia kueneza habari za shule yake. Miaka kumi baadaye kijana mmoja aliyetafuta kazi ya kutangaza michezo aliajiriwa hapo. Jina lake lilikuwa Ronald Reagan.

Palmer mwenyewe, akikimbia polisi na sheria za leseni, alifikia wazo la ajabu mwaka 1911. Katika barua moja alipendekeza kairopraktiki igeuzwe dini, ili katiba iilinde. Dini huhitaji mwanzilishi, na alijiona anafaa kukaa kwenye orodha moja na Yesu na Mtume Muhammad. Hakulitekeleza jambo hilo, lakini unaona mfagiaji mmoja aliyepata nafuu ya masikio alikuwa amempeleka mbali kiasi gani.

Agosti 1913 alirejea Davenport wakati wa sherehe za shule. Hakualikwa kuongoza lolote, ila aliingia kwenye maandamano akitembea kwa miguu mbele ya magari. Kilichotokea hapo kinabishaniwa hadi kesho. Palmer alidai gari la B.J. lilimgonga kwa nyuma. B.J. alikana. Mzee akarudi Los Angeles, na Oktoba 20, 1913 akafa akiwa na miaka 68. Waliosimamia mali yake walimshtaki mwanawe, na wapinzani wa B.J. wakaita kifo kile mauaji, lakini kesi hazikufika popote. Cheti cha kifo kiliandikwa homa ya matumbo, ugonjwa unaoletwa na bakteria kwenye maji na chakula kichafu.

Mwaka huohuo jimbo la Kansas lilipitisha sheria ya kwanza Marekani ya kuwapa leseni watu wa kairopraktiki. Majimbo mengine yalifuata moja baada ya jingine, na la mwisho, Louisiana, lilikubali mwaka 1974. B.J. aliiongoza shule ya Davenport hadi alipofariki mwaka 1961, na ipo mpaka leo.